Kabla ya kupima mawimbi ya mnara, kagua kihisi

Kihisi kibovu cha mawimbi ya sumakuumeme, yaani sehemu ya kipimo inayoyanasa mawimbi hayo, hakipigi kelele. Mara nyingi huonyesha namba ndogo, na namba ndogo ndiyo kila mtu anatamani kuisikia, kuanzia mwenye mnara wa mawasiliano hadi wakazi wa jirani. Hakuna atakayeihoji. Kwa hiyo ni juu ya fundi kuihoji kabla hajaondoka ofisini.

Cheti cha ugezi, yaani cha maabara iliyolinganisha kihisi na kipimo sanifu, wengi hukitazama tarehe tu, wakakirudisha kwenye faili. Soma jedwali la ndani. Kihisi hakisomi sawasawa kwenye kila masafa (frikwensi) ya mawimbi, ndiyo maana maabara huandika kigezo cha kusahihisha kwa kila masafa iliyoyapima. Tuseme kwenye megahezi 900 kigezo ni 1.15 na skrini inaonyesha volti 2 kwa mita: jibu ni 2.3. Ukihesabu kwa wati kwa mita ya mraba, kigezo hichohicho unakipiga kipeo cha pili, kinakuwa takriban 1.32. Hakikisha pia kifaa hakijaingiziwa kigezo hicho tayari, usije ukasahihisha mara mbili.

Jedwali hilohilo litakuambia kihisi kinafika wapi. Kinachoishia gigahezi 3 hakifai kwa 5G ya gigahezi 3.5, hata kama cheti ni cha jana. Na kama mnara umebeba redio ya FM, lazima kishuke hadi megahezi 87.5.

Sasa kishike mkononi. Ndani ya kichwa kile cha mviringo kwa kawaida kuna antena tatu ndogo zilizopishana kwa pembe mraba, kila moja na dayodi yake, kijisehemu cha elektroniki kinachogeuza mawimbi kuwa umeme unaopimika. Kifunge kwenye stendi ya plastiki au mbao mbele ya chanzo kisichobadilika (simu ya mkononi haifai, hupandisha na kushusha nguvu yake yenyewe), halafu kizungushe taratibu kwenye mhimili wa mshikio, ukirudi nyuma kabla ya kusoma kila mara kwa sababu mwili wako huvuruga mawimbi. Tofauti ndogo ni ya kawaida, na kiasi chake kimo kwenye cheti. Namba ikiporomoka upande mmoja na kupanda upande mwingine, shuku kwamba antena moja imekufa. Kihisi kilichowahi kuanguka, au kilichosogezwa mno kwenye antena inayorusha hadi dayodi ikaungua, ndicho cha kushukiwa kwanza.

Betri na nyaya, dakika mbili zinatosha.

Kinachosahaulika ni kumbukumbu. Siku kihisi kinaporudi kutoka kwenye ugezi, kipime kwenye chanzo chako kidogo cha ofisini, kwa umbali na mkao uleule utakaotumia daima, uandike namba. Linganisha nayo kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Kipimo cha kurudi wengi hukiruka kwa uchovu, nami nakiona cha maana kuliko cha asubuhi, maana ndicho kinachoonyesha kama kihisi kiliharibika njiani.

Dayodi nazo zina tabia yao: zikizidiwa na ishara nyingi kali kwa pamoja, husoma juu kuliko hali halisi. Mwongozo wa 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, unaweka takriban volti 41 kwa mita kwa umma kwenye megahezi 900. Ukisoma karibu na hapo, rudia kwa kifaa kinachotenganisha masafa kabla hujaandika kwamba kikomo kimevukwa.