Jinsi ya kumchua mtu mgongo nyumbani, na kujua anahitaji masaji ya aina gani

Swali ninaloulizwa sana ni "masaji kali ni ipi?" na mimi huwa narudisha swali, unaumwa wapi na usingizi unaupata? Manake ukichukua karatasi ya huduma ya spa yoyote hapa Dar, kuanzia Masaki mpaka Sinza, utakuta majina kibao, ya Kiswidi, ya Kithai, mawe ya moto, dipu tishu, reiki, mteja anachanganyikiwa mwisho anachagua ya bei ya katikati. Lakini mikono ya mchuaji inafanya vitu vichache tu, inateleza, inakanda, inabonyeza, inavuta, au inatulia palepale. Hayo majina ni mipangilio tofauti ya vitu hivohivo. Na kinachowaharibia wanaochuana nyumbani sio kutojua majina, ni nguvu, mtu anamkandamiza mwenzie mpaka anang'ata godoro halafu anamwambia vumilia ndo dawa. Sio dawa. Msuli ukiumizwa unajikaza zaidi kujilinda, na hapo umefanya kazi ya bure.

Hatua ya 1: Muulize kabla hujamgusa

Hapa usione aibu. Ana homa? Ana jipu, kidonda, fangasi au upele unaoambukiza? Anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Ni mjamzito? Ana kansa, au amefanyiwa upasuaji karibuni? Jibu likiwa ndiyo kwenye lolote, acha kwanza, aongee na daktari wake, na kama ni ngozi tu basi pita mbali na hapo mahali.

Kuna viwili nitavisema kwa sauti. Cha kwanza, mtu katoka safari ndefu, tuseme kakaa kwenye basi la Mwanza siku nzima, sasa kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina joto na kinauma, anakwambia nichue basi. Usichue! Inawezekana damu imeganda kwenye mshipa, ukiisukuma kile kipande kinaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu na hiyo inaua. Hospitali, leo hii sio kesho. Cha pili, maumivu ya mgongo yanayokuja pamoja na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, au miguu kuishiwa nguvu, au yaliyoanza baada ya kuanguka na bodaboda. Huyo pia sio wa kuchuliwa, huyo ni wa hospitali.

Hatua ya 2: Chagua aina kulingana na mtu

Masaji ya Kiswidi ndo ya kuanzia, na ndo nitakayokufundisha hapa chini. Mafuta, mikono inateleza na kukanda, mwili wote unalegea. Sweden imepewa sifa kwa ajili ya Pehr Henrik Ling, mtu wa mazoezi ya viungo aliyefungua chuo chake Stockholm mwaka 1813, ila aliyeipanga ile mikono yenyewe kama tunavyoifanya leo anatajwa kuwa daktari wa Kiholanzi, Johan Georg Mezger. Inamfaa mwenye stresi, asiyelala vizuri, aliyekaa foleni ya Mbagala masaa mawili. Dipu tishu ni mikono hiyohiyo ila inaenda polepole sana na inashuka chini zaidi, kwenye misuli iliyokakamaa muda mrefu, kama mabega ya fundi cherehani au kiuno cha dereva wa bodaboda. Watu wanadhani dipu maana yake nguvu. Hapana, maana yake ni subira.

Ya Kithai hulali kitandani, unalala kwenye godoro chini na nguo zako, mchuaji anakubonyeza na kukuvuta viungo, anatumia mpaka viwiko na miguu. Mwaka 2019 UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ni nzuri kwa mwili uliokakamaa, ila mwenye tatizo la pingili za mgongo asiende kuvutwavutwa na mtu asiyejua. Shiatsu ya Wajapani nayo ni nguo mwilini, bila mafuta, vidole na viganja vinabonyeza kwenye njia ambazo wao wanasema nguvu ya uhai inapita. Ile ya limfu (yale maji ya mwilini yanayopita kwenye mishipa yake, mbali na ya damu), iliyoanzishwa na Emil Vodder miaka ya 1930, ni laini kiasi kwamba mteja anaweza kudhani unampotezea muda, kazi yake ni kupunguza uvimbe, kwa mfano mkono uliovimba baada ya upasuaji wa kansa ya matiti, na hiyo mwachie aliyesomea.

Ya nyayo, rifleksolojia, ina ramani kabisa, hapa figo, hapa ini, ramani iliyochorwa na Mmarekani Eunice Ingham miaka ya 1930. Mimi naifanya na wateja wanasinzia kwenye kiti, ila sijawahi kumwambia mtu kwamba nimemtibu ini kwa kumbonyeza unyayo, hakuna ushahidi wa hilo. Mwenye kisukari umkague nyayo kwanza kwa macho, kwa sababu wengi wao hawahisi vizuri, unaweza kumuumiza akakaa kimya.

Na tusijifanye kama vitu hivi vimeshuka na ndege. Pwani bibi zetu wanachua na mafuta ya nazi na ya ufuta toka zamani, bi harusi anasuguliwa singo, mzazi anakandwa na maji ya moto. Hilo la mzazi niweke angalizo, maji yasimuunguze, na tumbo lisikandamizwe, hasa aliyejifungua kwa upasuaji.

Hatua ya 3: Andaa mahali

Kitanda cha sponji kinazama, utasukuma mwili unashuka tu na wewe mgongo wako ndo utaumia. Weka godoro jembamba sakafuni juu ya mkeka, tandika khanga ya zamani, nyingine ya kumfunika. Taulo likunje uweke chini ya vifundo vya miguu, mto mwembamba chini ya kifua ili shingo isijipinde. Feni iwepo lakini isimpige moja kwa moja, mwili wenye mafuta unapata baridi haraka hata kama nje ni joto la Februari.

Mafuta ya nazi yanatosha kabisa. Mwezi wa saba asubuhi utakuta yameganda, chupa itie kwenye bakuli la maji ya moto. Usitumie losheni, inakauka mikono ikaanza kuvuta ngozi. Mafuta ya karafuu au mnanaa usimpake mtu matupu, yanaunguza, matone machache sana ndani ya mafuta ya nazi, na ujaribu kwanza kwenye mkono wake. Kata kucha. Vua pete. Simu zenu zote mbili weka mbali.

Na kitu kimoja, kazi hii mjini ina jina baya na sote tunajua kwa nini, kwa hiyo uwe na adabu: funika sehemu ambayo hufanyii kazi, mwambie kabla hujashusha khanga, akisema hapo sitaki basi hapo hataki.

Hatua ya 4: Tua mikono

Amelala kifudifudi. Piga magoti pembeni yake, weka mkono mmoja katikati ya mabega, mwingine kwenye kiuno, usifanye chochote. Pumzi tano za kwake. Wanaoanza wanaruka hii hatua, wanaona aibu kukaa bila kufanya kitu, lakini ndo hapa unasikia upande gani mgumu, wapi kuna joto, anapumua juujuu au mpaka tumboni. Bega moja mara nyingi linakuwa juu kuliko lenzie, kwa wanaobeba begi la laptop ni hivo karibu kila siku.

Hatua ya 5: Teleza

Mimina mafuta kwenye kiganja chako, sio mgongoni kwake, sugua mikono yapate joto. Anzia kiunoni, viganja viwili pande mbili za uti wa mgongo, panda mpaka mabegani ukitumia uzito wa mwili wako sio misuli ya mikono, zunguka mabega, shuka na mbavu kwa wepesi. Kupanda mzito, kushuka mwepesi. Fanya hivi dakika tano nzima bila haraka na mkono usibanduke kabisa, ukihitaji mafuta mengine acha mmoja umemgusa.

Hatua ya 6: Kanda mabega

Ile nyama kati ya shingo na bega, ishike kwa kiganja chote, iinue, iminye, iachie, mkono wa pili upokee. Ni kama unga wa chapati, ukiukanda kwa ncha za vidole unachoka na unga haulainiki, ukitumia kiganja kizima unakubali. Upande mmoja dakika tatu nne, halafu wa pili. Ukisikia kinundu kigumu usikishambulie, kikande kwa pembeni kwanza.

Hatua ya 7: Bonyeza pembeni ya uti wa mgongo

Hii ndo hatua inayoponza watu. Juu ya mfupa wa uti wa mgongo hapabonyezwi. Toka kwenye mfupa kama upana wa vidole viwili, utakuta msuli mrefu umesimama kama kamba, huo ndo wako. Weka dole gumba juu yake, dole gumba la pili juu ya la kwanza lisaidie, nyoosha mikono, halafu egemea taratibu. Yaani usisukume, egemea. Subiri atoe pumzi ndo uongeze uzito kidogo, kaa hapo sekunde nane hivi, toka polepole kama ulivyoingia, sogea chini sentimita tatu, rudia mpaka karibu na kiuno. Sehemu ya figo, chini ya mbavu za mwisho, punguza uzito, na hapo usipigepige kabisa.

Mwambie akupe namba kutoka moja mpaka kumi. Kumi ni maumivu ya kupiga kelele. Unatafuta tano au sita, yale maumivu anayosema "eeh hapohapo", akifika saba punguza, na usimsubiri aseme, angalia vidole vya miguu vikijikunja au pumzi ikisimama ujue umezidisha. Wanaume hasa hawasemi. Dole gumba likichoka tumia sehemu nene ya mkono chini kidogo ya kiwiko, iteleze polepole kandokando ya uti. Kiwiko chenyewe bado, hicho kina siku yake.

Hatua ya 8: Shingo

Mgeuze alale chali, wewe kaa upande wa kichwa. Ingiza vidole chini ya shingo, viinue kidogo vikivuta kuelekea kwako, kutoka mgongoni mpaka pale fuvu linapoanza. Hapo chini ya fuvu kuna vishimo viwili, weka ncha za vidole, acha kichwa chake chenyewe kiwe ndo uzito. Dakika mbili. Wenye kichwa cha kuuma kwa kukodolea skrini wanaipenda hii kuliko zote. Mbele na pembeni ya koo usibonyeze, kuna mishipa mikubwa ya damu inayoenda kwenye ubongo. Na ule mtindo wa saluni za kunyoa, umeshanyolewa, umeoshwa uso, halafu mtu anakushika kidevu anakukata shingo kaa! kushoto, kaa! kulia, kataeni jamani. Ni mara chache lakini imetokea ule mshipa kuchanika ndani, mtu akapata kiharusi.

Hatua ya 9: Malizia kwa mikono iliyotulia

Hapa tunaingia kwenye hizi za nishati. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922, mchuaji hakandi chochote, anaweka mikono juu ya mwili au karibu nao, kichwani, kifuani, tumboni, dakika tatu tatu. Wanaoifundisha wanasema nishati inapita kwenye mikono. Mimi nikuambie ukweli wangu: mwaka 1998 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la binti mdogo, Emily Rosa, aliyelifanya akiwa na miaka tisa. Aliwaweka wataalamu 21 wa tiba ya mguso (therapeutic touch), ndugu yake reiki, nyuma ya kizuizi, wakatoa mikono, yeye anasogeza mkono wake juu ya mmoja, waseme ni upi kwa kuhisi nishati. Walipatia asilimia 44, yaani hata shilingi ya kurusha ingewashinda. Kwa hiyo siuzi reiki kama tiba ya presha wala uvimbe, na anayekwambia uache vidonge uje kwake umkimbie. Lakini kutulia kwenyewe kunasaidia, mtu anapumua, wasiwasi unashuka, wengine wanatokwa na machozi. Weka mkono mmoja kwenye paji la uso, mwingine juu ya kitovu kwa nje ya khanga, kaa kimya.

Kwenye ukoo huuhuu kuna nukta moja ninayoiheshimu. Ndani ya mkono, vidole vitatu juu ya mstari wa kifundo, kati ya zile kano mbili. Imefanyiwa utafiti sana kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji na matokeo yake sio mabaya. Ukipanda boti ya Zanzibar bahari ikiwa imechafuka jibonyeze hapo, haina gharama.

Baada ya hapo

Asiinuke ghafla, presha inakuwa imeshuka kidogo, ageukie ubavu, akae, ndo asimame. Maji ampe kama ana kiu, hizi habari za kutoa sumu mwilini hazina msingi, sumu ni kazi ya ini na figo. Kuhisi mwili mzito au kuuma kidogo siku moja mbili ni kawaida, michubuko sio kawaida, ukiiona ulizidisha. Mwenye mgongo wa kawaida wa kazi mara moja kwa wiki inatosha, na akiendelea kubeba kiroba kwa bega moja au kukaa kwenye stuli isiyo na egemeo mtaonana kila wiki mpaka mchokane.

Khanga loweka siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, mafuta ya nazi yakichacha kwenye kitambaa ile harufu haitoki tena.