Somo: Kununua kiwanja kilichowahi kuchafuliwa kisha kikasafishwa

Ukiona tangazo limeandikwa "kimesafishwa", uliza: kimesafishwa kwa ajili ya nini? Kiwanja kilichosafishwa ili kijengwe ghala si lazima kifae nyumba ya kuishi. Mfanyakazi wa ghala hukanyaga zege saa zake za kazi kisha huenda zake, ila mtoto hushinda kwenye udongo na vidole viko mdomoni. Ndiyo maana kiwango cha madini ya risasi kinachoruhusiwa ghalani huwa kikubwa kuliko cha makazi.

Hatua ya 1: Historia. Tafuta ramani za zamani, picha za angani na leseni za biashara, na uongee na majirani wazee. Palipokuwa na kituo cha mafuta tarajia benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli; palipokuwa na drai klina tarajia viyeyusho vyenye klorini, yaani kemikali za kuyeyushia madoa. Hati nayo isome neno kwa neno. Mwaka 1953, huko Niagara Falls, Marekani, bodi ya shule iliuziwa eneo la Love Canal kwa dola 1. Chini yake kampuni ya kemikali ilikuwa imefukia takribani tani 21,000 za taka, na hati ya mauzo ilizitaja. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa.

Hatua ya 2: Ripoti ya usafishaji. Mimi huanzia nyuma, kwenye viambatisho, kwa sababu muhtasari wa mbele huandikwa kwa lugha tamu. Tafuta sampuli za uthibitisho, yaani zile zinazochukuliwa kwenye kitako na kuta za shimo baada ya udongo mbaya kutolewa. Kama zote ni za katikati, uliza habari za kingo. Kisha soma barua ya mamlaka ya mazingira hadi nukta ya mwisho. Mara nyingi huanza "hakuna hatua zaidi inayohitajika" na kumalizia "kwa matumizi ya viwanda".

Hatua ya 3: Kilichobaki chini. Hapa ndipo wengi huumia. Si kila sumu huondolewa. Nyingine hufunikwa tu kwa lami au udongo safi. Siku ya kuchimba msingi, kijiko cha mashine ya kuchimbia kinapanda na kipande cha wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa, fundi anautupa pembeni na kuendelea. Wavu ule ulitandazwa kama alama: juu yake udongo safi, chini yake usiguse. Basi pata mchoro wa kina cha tabaka hilo kabla mhandisi hajachora msingi wala njia ya maji taka.

Hatua ya 4: Lipa mpimaji wako mwenyewe wa udongo na maji. Wa muuzaji ni wa muuzaji.

Hatua ya 5: Mkataba. Uandikwe nani atapima visima vya uangalizi (vile vya kuchukulia sampuli za maji ya ardhini), nani atatunza kifuniko, na nani atalipa udongo mbaya ukikutwa wakati wa ujenzi. Udongo huo hautupwi popote. Lazima upimwe na upelekwe dampo linaloruhusiwa kuupokea.

Maswali ya wanachama

*Nitatumia maji ya bomba. Maji ya ardhini yananihusu nini?*
Yanakuhusu kwa mvuke. Viyeyusho vilivyo kwenye maji hayo hugeuka hewa, hupanda na kupenya nyufa za sakafu. Dawa yake ni karatasi ya kuzuia mvuke chini ya zege, pamoja na bomba na feni ya kuitoa hewa hiyo juu ya paa. Ni nafuu kuviweka kabla ya kumwaga zege kuliko kuja kuitoboa sakafu.

*Muuzaji ameandika kwamba lawama zote ni zake. Si inatosha?*
Haitoshi, ndugu yangu. Maandishi hayo yanawafunga ninyi wawili, hayaifungi serikali. Chini ya sheria ya Marekani ya 1980 ya kusafisha maeneo yenye sumu, mwenye ardhi wa sasa anaweza kudaiwa gharama hata kama hakumwaga tone. Marekebisho ya 2002 humkinga mnunuzi aliyechunguza kabla ya kununua, na baadhi ya vipengele vya uchunguzi huo viwe vimefanywa au kuhuishwa ndani ya siku 180 kabla ya kununua. Muulize mwanasheria wako sheria ya kwenu inasemaje.

*Naweza kupanda mchicha?*
Kama masharti ya kiwanja yanaruhusu, panda kwenye matuta ya kuinuliwa yenye udongo wa kuletwa. Miti yenye mizizi mirefu iache, hutoboa kifuniko.