Kisanduku cha urembo kutokana na mbao ya kenchi

Wengi huona mbao ya kenchi ni ya kufichwa darini. Mimi naipenda kwa visanduku. Chagua kipande kilichonyooka, kisicho na vifundo, ukiache ndani kikauke wiki kadhaa. Mbao mbichi itapinda na kuachanisha kona.

Kipige randa hadi unene ubaki milimita 10. Tafadhali usiruke hapa, maana ubao mnene hukifanya kisanduku kionekane kreti. Pande nne zikate zikifuatana kwenye ubao uleule, ili mistari ya mbao izunguke kona bila kukatika. Ncha za kila upande zikate mshazari wa digrii 45.

Ncha za mbao laini hunywa gundi. Zipake safu nyembamba, subiri dakika chache, paka tena, ndipo uunganishe na kukaza kwa kamba. Juu na chini bandika plaiwudi nyembamba. Gundi ikishakauka, likate sanduku zima kuzunguka, sentimita 2 kutoka juu: kifuniko kitalingana na mwili wake barabara.

Msasa namba 120, kisha 220, ukifuata nyuzi. Malizia na mafuta ya kitani. Matambara uliyopakia yatandaze nje yakauke, kwani yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.