Unanunua Kiwanja Kenya Ukiwa Ughaibuni? Hatimiliki Peke Yake Haitoshi

Binamu akikutumia picha ya hatimiliki kwa WhatsApp, na serchi ya juzi, yaani taarifa rasmi kutoka rejista ya ardhi, ikionyesha jina la muuzaji, bado hujajua unachonunua. Hivyo ndivyo sheria ilivyo Kenya, na Mahakama ya Juu iliweka wazi jambo hilo Aprili 21, 2023 katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Kiwanja chenyewe kiko Nyali, kimepakana na ufuo. Kiligawiwa Daniel arap Moi mwaka 1989, akiwa rais, kikauzwa kwa kampuni moja, nayo ikakiuza kwa Dina. Septemba 2017 kaunti ikabomoa ukuta wa upande wa bahari ili kufungua njia ya wananchi kufika ufuoni. Dina wakaenda kortini na hati yao, wakajitetea kwamba walinunua kwa nia njema. Wakashindwa. Majaji walisema ardhi ile ilikuwa ya umma na utaratibu wa kuigawa haukufuatwa. Kwa hiyo aliyegawiwa mwanzo hakuwa na haki ya kumpitishia mwingine. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, hata ikishabadilisha mikono mara ngapi.

Wapo wanaolalamika kwamba mnunuzi anabebeshwa makosa ya ofisi ile ile ya serikali iliyompigia muhuri hati yake. Nami naona wana hoja. Ila kwa sasa sheria ndiyo hiyo, na pesa zitakazopotea ni zako.

Serchi hukuambia nani ameandikishwa leo, na kama kuna mkopo au zuio. Haikuambii ardhi ilitokaje mikononi mwa serikali, na hapo ndipo Dina walipoangukia. Mwambie wakili wako aombe historia nzima: rekodi za msajili tangu kiwanja kilipofunguliwa faili, barua ya mgao (ile serikali humpa anayegawiwa ardhi), mpango wa eneo, ramani ya upimaji, risiti za ada zilizolipwa serikalini. Kama ni kipande kilichokatwa kutoka shamba kubwa, itazamwe pia hati mama, yaani hatimiliki ya shamba hilo zima. Kisha lipia mpimaji wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, alinganishe ramani na uwanja. Kiwanja kinachoziba njia inayoelekea ufuoni, kinachogusa mto au kinachoingia kwenye uwanja wa shule, kiache hata kama bei inakuita. Na wazee wa mtaa waulizwe. Mara nyingi wao ndio wanaokumbuka kwamba pale palikuwa uwanja wa mpira.

Anayekuuzia kwa barua ya mgao tu, mkwepe. Septemba 2023 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi, ilisema barua hiyo haimpi mtu umiliki. Aliyegawiwa anatakiwa kutimiza masharti na kusajiliwa kwanza, ndipo awe na kitu cha kuuza.

Uraia nao uuangalie mapema. Asiye raia wa Kenya hupata ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na shamba la kilimo lina vikwazo zaidi. Ikiwa ulichukua pasi ya nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010, rejesha uraia wako kwanza.

Usipoweza kusafiri, mpe mtu hati ya uwakala, lakini itaje namba ya kiwanja na kazi anayoruhusiwa kufanya. Ile ya jumla, inayomruhusu kuuza na kununua chochote, imewaliza wengi, na mara nyingi aliyepewa ni wa damu moja. Itie saini mbele ya mthibitishaji wa nyaraka au ubalozini, isajiliwe nyumbani kabla ya kutumika. Wakili naye hakikisha kwenye orodha ya Chama cha Mawakili kwamba ana leseni ya mwaka huu. Pesa zisipitie kwa binamu wala dalali. Zikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba useme muuzaji hatalipwa hadi jina lako lisajiliwe, na kwamba atarudisha zote chanzo cha hati kikipatikana na kasoro.