Somo: Faini na zawadi kwenye kikoba

Wiki hii nimeulizwa mara nne, "faini ya kuchelewa tuweke ngapi?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha huku.

1. Chagueni tabia moja mnayotaka ibadilike. Moja tu.

2. Ulizeni sababu kabla ya kutaja pesa. Kwetu wachelewaji wengi walikuwa kina mama wa sokoni. Tulisogeza kikao kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja, wengi wao wakaanza kuwahi.

3. Faini. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilipendekeza 500 kwa kila mchelewaji. Kabla ya hapo mtu akichelewa aliingia kichwa chini, anaomba radhi, anabaki kupanga viti. Baada ya faini wakawa wanaingia kwa maringo, mia tano mkononi. Mmoja alilipia kabisa na ya wiki ijayo! Ile aibu ndiyo iliyokuwa inatusaidia, nami nikaiuza kwa mia tano. Baadaye nikasoma utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini wa mwaka 2000, kwenye vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Vituo 6 viliwatoza shekeli 10 wazazi waliochelewa zaidi ya dakika 10 kuchukua watoto. Uchelewaji ukaongezeka karibu maradufu. Faini ilishakuwa bei.

ONYO: kuifuta hakurudishi aibu. Kule Haifa faini ilipofutwa, wazazi waliendelea kuchelewa vilevile. Sisi pia. Tulisubiri hadi kuvunja sanduku, yaani kugawana akiba mwisho wa mzunguko, tukaanza mzunguko na katiba mpya.

ONYO tena: msikimbilie kuipandisha hadi 10,000. Mwenye shida atabaki nyumbani, na rejesho lake la mkopo litabaki naye.

4. Zawadi: toeni bila kuahidi.

5. Pitieni upya baada ya miezi mitatu.

MASWALI

Mgeni Jijini: Mkuu, kwa hiyo tuweke ngapi?
— Hatua ya 3. Soma.

Katibu Mstaafu: Sisi tuna faini na kikoba kinaenda. Unapotosha watu.
— Sijasema faini zote zife. Faini ya rejesho la mkopo ni sawa, pale ni hesabu tangu mwanzo. Nimezungumzia kuchelewa.

Mama Wawili: Kwa nini zawadi isiahidiwe? Mwanangu nampa mia mbili kila akimaliza kitabu.
— Swali zuri. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti, baadaye walichora karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua. Ila hao walikuwa wanapenda tayari. Asiyependa kabisa unaweza kumwanzishia na kizawadi. Wako yukoje?

Mama Wawili: Alikuwa anasoma hadi magazeti ya kufungia maandazi.
— Basi acha mia mbili. Mwambie akusomee ukiwa unapika.

Kijana wa Boda: Na hesabu ninayompelekea bosi mwenye pikipiki kila siku?
— Angalia usifunge mapema siku yenye abiria kwa kuwa hesabu imetimia. Mchumi Colin Camerer na wenzake waliliona hilo kwa madereva teksi wa New York, 1997, ingawa mchumi mwingine, Henry Farber, aliwapinga. Muombe bosi mhesabiane kwa wiki.

Kijana wa Boda: Bosi mwenyewe ndiye baba mkwe.
— Hapo sina somo.