Somo: Upungufu wa floridi kwenye meno, na habari ya mifupa

Wengi wakisikia "upungufu" hukimbilia vidonge. Kwa floridi, madini yanayosaidia meno yasioze, subiri kwanza. Kazi yake kubwa haifanyikii tumboni, bali juu ya jino lenyewe.

Ukila kitu chenye sukari, bakteria wa kwenye utando wa meno huigeuza kuwa asidi. pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imekuwa kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, kalisi na fosfeti huanza kulitoka jino. Baadaye mate huyarudisha madini hayo. Floridi ikiwepo mdomoni, hata kidogo, yanarudi upesi zaidi, na tabaka linalojengeka huhimili asidi hadi karibu pH 4.5. Isipokuwepo, jino hupoteza kuliko linavyorudishiwa.

Hatua ya 1: Kagua. Piga mswaki, simama penye mwanga, kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi, kisha tazama pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona doa jeupe lisilong'aa, kama limepakwa chaki, hapo madini yameanza kutoka. Jino halijatoboka bado na linaweza kukaza tena. Likishatoboka, halijizibi. Kwa mtoto mdogo inua mdomo wa juu uangalie. Nakusihi hatua hii usiiruke, maana doa hilo haliumi na mtoto hatakwambia.

Hatua ya 2: Jua maji yako. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha floridi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haionekani wala haina ladha, kwa hiyo maji ya kisima yapimwe maabara.

Hatua ya 3: Tumia dawa ya meno yenye floridi ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500, mara mbili kwa siku, mara moja iwe kabla ya kulala. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Tema povu, usisukutue.

Hatua ya 4: Punguza idadi ya mara unazokula sukari. Madoa yakiwepo, daktari wa meno anaweza kupaka vanishi ya floridi, yaani dawa nzito inayogandia juu ya jino.

MASWALI YA WANACHAMA

Magoti yananiuma. Yaweza kuwa upungufu wa floridi?
Hapana. Karibu asilimia 99 ya floridi ya mwilini imo kwenye mifupa na meno, lakini hakuna ugonjwa wa mifupa unaojulikana kuletwa na kuikosa. Wagonjwa wa mifupa myepesi waliwahi kupewa dozi kubwa za floridi. Mifupa ikawa mizito, ila kuvunjika hakukupungua. Ikizidi kwa miaka mingi ndiyo hukakamaza viungo. Mwone daktari, ndugu yangu, utafutiwe chanzo.

Mwanangu meno yameota na madoa ya kahawia. Nimwongezee?
Usimwongezee kabla maji hayajapimwa! Madoa ya tangu kuota huweza kuwa florosisi, yaani floridi ilizidi meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Madoa kama hayo ndiyo aliyoyafuatilia daktari wa meno Frederick McKay huko Colorado Springs, Marekani, na mwaka 1931 ikabainika chanzo ni floridi ya maji. Meno yale yalikuwa hayaozi ovyo, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, hukohuko Marekani, ukaanza kutia floridi kidogo kwenye maji yake.

Nikichemsha maji, floridi itapungua?
La. Kinachopaa ni mvuke wa maji, floridi inabaki sufuriani. Ukichemsha sana, yale yaliyobaki yanakuwa nayo nyingi zaidi kwa kila lita.