Umelipa akonti ya nyumba, mutasio bado: namna ya kungoja bila kupoteza usingizi wala franga

Hapa Lubumbashi mtu anaweza kutafuta nyumba mwaka mzima akiwa na moyo mweupe, anazunguka na komisionere (dalali) toka Kalubwe mpaka Bel-Air, anacheka, anapima vyumba kwa macho, kisha siku anayolipa akonti, ile franga ya mwanzo, njo usingizi unaisha. Franga imeshatoka, nyumba haijaingia, na hapo katikati kuna dosie ya mutasio, yaani ya kutoa nyumba ku jina la muuzaji na kuileta ku jina lako, inatembea meza kwa meza ku biro ya ardhi na hakuna anayekuambia imefika wapi. Nimesindikiza ndugu na marafiki mu kipindi hicho na kila mara naona wanaoteseka sana ni wale ambao hawajui dosie iko mbele ya nani. Ukijua iko meza gani, karatasi gani inakosekana, na kiasi gani cha franga bado uko nacho mwenyewe mkononi, unaanza kupumua hata kama siku za kungoja ni zile zile.

Kwa hiyo anza na kuijua njia yenyewe. Sheria yetu ya ardhi ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa 1980, na inasema wazi udongo ni mali ya Serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inaonekana ku karatasi moja tu, sertifika danrejistrema. Ile karatasi ya mauzo mliyosaini sebuleni, hata kama shefu wa kartie ameweka kashe (muhuri) na mashahidi wanne wamesaini, inaonyesha kwamba mlipatana, basi. Fishi ya parsele ya komine nayo inasaidia lakini haifiki pale sertifika inafika. Ukishaelewa hivyo utajua kwa nini unangoja na kwa nini haifai kuruka hatua.

Njia iko hivi, kwa nyumba ambayo muuzaji tayari ana sertifika: mnasaini akti ya mauzo mbele ya notere, mnapeleka ombi la mutasio kwa konservateri wa titre za ardhi, yule anayetunza kitabu cha sertifika, mnaweka sertifika ya zamani na vitambulisho, watu wa kadasta (wapima ardhi) wanashuka kuona mipaka na kile kilichojengwa, wanatoa thamani ya nyumba, kisha inatoka noti ya malipo, unalipa ku banki, unarudisha uthibitisho, njo sertifika ya muuzaji inafutwa na yako inaandikwa. Inaandikwa mara mbili, moja inabaki ndani ya kitabu cha konservateri na moja unapewa weye. Ndiyo maana ku kila sertifika kuna namba ya volime na namba ya folio, ni ukurasa wa kile kitabu. Andika namba hizo mbili toka siku ya kwanza, maana ukienda kuuliza bila hizo utaambiwa "rudi kesho" na kesho itakuwa nyingi.

Nunua kaye ya shule, ya bei ndogo tu. Ukurasa mmoja kwa kila hatua. Andika tarehe uliyoweka karatasi, nani alipokea, alisema nini, nini kinakosekana, na bandika fotokopi ya kila risiti. Inaonekana kazi ya bure lakini usiku ile mawazo yakianza kuzunguka saa nane unaweza kufungua kaye ukaona kumbe tangu siku ya pili kadasta walishashuka, kinachobaki ni noti ya malipo, basi unalala. Kichwa hakiwezi kubeba hayo yote pekee yake, kitayachanganya na kuongeza ya uongo.

Sasa franga, maana hapa njo hofu inakaa. Kama bado hujalipa yote, usilipe yote. Gawanya: sehemu mkisaini mbele ya notere, sehemu dosie ikipokelewa na mukapewa akize (karatasi ya kuonyesha wameipokea), na sehemu ya mwisho, tena isiwe ndogo, siku sertifika ikitoka ku jina lako na funguo ziko mkononi. Muuzaji akiwa bado anangojea franga atasaidia dosie itembee, ataitika simu, ataenda kusaini akiitwa. Akishamaliza kupokea, hata akiwa mtu mwema, ana mambo yake. Andikeni hayo ndani ya akti yenyewe, pamoja na siku ya mwisho, na nini kitafanyika siku hiyo ikipita: franga inarudi, inarudi yote au nusu, ndani ya muda gani. Wengi wanaona aibu kuandika hivyo eti ni kukosa heshima kwa mzee. Hapana. Heshima iko ku namna unaongea naye, na karatasi inawalinda wote wawili, hata yeye muuzaji akipatwa na jambo watoto wake watajua mlipatana nini.

Na kama ulishalipa yote? Usijipige. Nenda kwa muuzaji na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote, omba mambo mawili: karatasi iliyo wazi inayosema amepokea kiasi gani, kwa nyumba gani, volime na folio zikiwa zimeandikwa, na sertifika ya asili iwekwe kwa notere au kwa avoka (wakili) mpaka mutasio iishe, isibaki kwenye sanduku la mtu yeyote. Sertifika ikibaki kwa muuzaji, mtoto wake mmoja mwenye deni anaweza kuitembeza. Hilo njo linawaamsha watu usiku, na dawa yake ni hiyo tu.

Malipo ya Serikali, usimpe mtu mkononi eti "mimi nitakulipia". Ngoja noti itoke, soma jina lako na kiasi, lipa ku banki, chukua bordero (karatasi ya banki ya kuonyesha umelipa). Ukimpa mtu franga bila noti utaanza kungoja mara mbili, unangoja sertifika na unamngoja yeye.

Kuna hali moja nataka tukae juu yake kidogo kwa sababu hapa Lubumbashi njo inachelewesha watu wengi, nyumba ya marehemu. Baba alijenga ku komine ya Katuba au ya Kenya zamani, alikufa, watoto wamekua, wawili wako hapa, mmoja Kolwezi, mwingine alishavuka Kasumbalesa anaishi Zambia, na wanaamua kuuza. Unapatana na mkubwa, ni mtu mzuri, anaongea kwa upole. Lakini sheria ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, haimpi mkubwa peke yake nyumba. Watoto wote ni warithi, na hata yule aliyezaliwa nje akatambuliwa na baba ana sehemu yake, na mjane ana haki ya kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Kwa hiyo unataka kuona peve (maandishi) ya kikao cha familia ikiwa na saini za wote, karatasi inayoonyesha nani ni likidatere wa urithi, yaani msimamizi wa mali ya marehemu, na unataka kumsikia mama mjane kwa sikio lako. Kaa naye, kunywa chai, muulize polepole: "Mama, hii nyumba munauza kwa moyo wote? Weye utaenda kukaa wapi?" Akianza kulia au akinyamaza, dosie yako haijaiva hata kama ina kashe kumi. Na kwa kweli hapo si mambo ya sheria tu, wewe ungependa watoto wako wakulie mu nyumba ambayo mama wa mtu alitolewa akilia? Ngojeni wapatane kwanza. Kungoja kwa namna hiyo kunauma lakini ni kwa haki.

Hata muuzaji akiwa hai, kama ameoa, mke lazima akubali na asaini. Kama nyumba ilikuwa ya kampuni na muuzaji ni mfanyakazi wa zamani, omba karatasi ya kampuni inayoonyesha aliachiwa nyumba kweli, na kama jina lake bado halijaandikwa ku biro ya ardhi ujue kuna hatua nzima mbele ya ile yako. Sertifika ikiwa na jina la Zaire au Shaba usishtuke, inchi iliitwa Zaire na provinse yetu Shaba mpaka 1997, na karatasi za kipindi hicho ziko nyingi, kinachoangaliwa ni kama ukurasa wake bado uko hai ndani ya kitabu, hakuna ipoteke (nyumba kuwekwa rehani ya deni) juu yake wala opozisio (mtu aliyeandika kuzuia mauzo). Na pita ku grefu (biro ya karani) ya tribinale uulize kama kuna kesi juu ya ile parsele.

Kufuatilia: chagua siku moja au mbili kwa juma, asubuhi, mtu mmoja tu wa nyumba yenu. Baba akipiga simu asubuhi, mama mchana, shemeji jioni, muuzaji atachoka na ataacha kuitika, halafu nyie mtaona simu haiitikwi mtadhani amekimbia. Tuma ujumbe mfupi wenye swali moja. Kama hivi:

"Jambo papa, natumaini mama na watoto wako salama. Ku biro wametuambia dosie inangoja saini ya ndugu yenu wa Kolwezi tu. Je, atashuka lini? Akishindwa tunaweza kumtafutia notere kule kule. Asante papa, Mungu abariki."

Swali moja, njia ya kulimaliza imo ndani, na hakuna lawama. Ujumbe wa saa sita za usiku wa "mbona hamniambii chochote" haukupi jibu na unaharibu uhusiano unaohitaji mpaka siku ya mwisho.

Komisionere atakuambia kuna mnunuzi mwingine anatoka Likasi na franga kash. Anaweza kusema kweli. Lakini kama mlishasaini mbele ya notere na kuna siku ya mwisho imeandikwa, huyo wa Likasi si shida yako. Kama hamjasaini, harakisha saini, usiharakishe franga.

Nyumbani sasa. Usitoe notisi kwa baba mwenye nyumba unayopanga mpaka ujue tarehe ya kweli. Garanti uliyomwekea (sheria ya 2015 inasema isizidi miezi 3 kwa nyumba ya kuishi) usiihesabu ndani ya franga ya kumalizia deni, maana kurudishwa kwake nako kuna kungoja kwake. Usipeleke matofali, usipake rangi, usimwondoe zamu (mlinzi) wa muuzaji kabla ya funguo, hata akikuruhusu kwa mdomo. Ukipitapita pale kila jioni kutazama geti unajiongezea uchungu tu. Lakini mvua ya kwanza kubwa ya mwezi wa 11 ikinyesha, hiyo pita, omba kuingia, angalia plafo (dari) na maji yanaelekea wapi kwenye uwanja, hiyo ni faida ambayo wanaonunua wakati wa kiangazi hawaipati.

Na habari za nyumba waambie watu wachache. Ukishatangaza kanisani na kwenye grupe ya familia, kila siku ya Mungu utaulizwa "munahama lini?" na kila jibu litakurudisha palepale. Jibu la kuwapa ni "dosie inaendelea, tutawaita", kisha geuza mazungumzo. Na mume na mke mpatane saa ya kuongelea nyumba, tuseme baada ya bukari ya jioni, mkimaliza kaye inafungwa, kitandani hapana. Nimeona watu wanapendana vizuri wanaanza kulaumiana, weye njo ulimwamini komisionere, weye njo ulitaka kartie ya mbali, kumbe wote wana hofu tu. Semeni hofu yenyewe: naogopa franga ya miaka yote ipotee. Ikishasemwa inakuwa ya wawili. Watoto wakiuliza waambie ukweli mdogo, kwamba bado karatasi, na shule musiwahamishe mpaka muwe mumelala mle ndani.

Kama hulali kabisa majuma na majuma, hauli, moyo unakimbia, nenda ku sentre ya afya wakupime, usiseme ni nyumba tu.

Sasa utajuaje kuchelewa kwa kawaida na kuchelewa kwa hatari? Ajenti yuko konje (likizo), umeme umekatika biro haikuchapa, saini ya konservateri inangojwa, hayo yanachosha lakini yanapita. Kinachotakiwa kukusimamisha ni muuzaji anayekataa kuonyesha karatasi ya asili, anayeomba franga ya ziada nje ya mlichoandika, ndugu mpya anayejitokeza na kusema hakuulizwa, alama za rangi nyekundu ku ukuta zinazosema parsele haiuzwi. Hapo usilipe hata franga moja zaidi, tafuta avoka siku hiyo hiyo, na uandike opozisio kwa konservateri ili parsele isipite kwa mtu mwingine.

Siku sertifika ikitoka, kabla hujaondoka pale kaunta soma jina lako herufi kwa herufi, namba ya parsele, ukubwa, komine, volime na folio. Kosa la herufi moja likirekebishwa siku hiyo ni jambo dogo, likigunduliwa baada ya miaka ni dosie mpya. Piga fotokopi, ziwekwe nyumba mbili tofauti, ya asili isikae ndani ya nyumba yenyewe. Kisha lipa ile sehemu ya mwisho mbele ya mashahidi, chukua funguo, dai fakture za mwisho za SNEL (umeme) na REGIDESO (maji) zikiwa zimelipwa, na ubadilishe majina. Sheria inasema baada ya miaka 2 sertifika haiwezi tena kushambuliwa, kwa hiyo mpaka hapo ile kaye na zile risiti usitupe, zifunge pamoja na sertifika.